Iten: Tulikwenda Kukimbia, Tukaambiwa Tuchuchumae

Kwenye friji letu pale nyumbani Mbezi kulikuwa na karatasi. Imechapwa vizuri, ina rangi tatu: kijani siku za kukimbia, njano siku za jimu, nyekundu siku ya kupima uzito. Siku nyekundu ilikuwa Jumapili, kabla ya kwenda kanisani. Mwandishi wa karatasi hiyo ni mume wangu, na mwanafunzi pekee wa shule yake nilikuwa mimi.

Kabla hujaanza kumchukia, msomaji wangu, ngoja nimtetee kidogo. Sisi tulikutana Moshi, kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, meza ya maji, mimi nimeishiwa pumzi na yeye akinimwagia maji kichwani bila kuniomba ruhusa. Tizi ndiyo ilikuwa uchumba wetu. Wenzetu Jumamosi wanaenda kula kuku, sisi tunapandisha Masaki mpaka Coco Beach na kurudi. Kwa hiyo mtoto wetu alipofikisha miezi kumi, na mimi nikasema nataka kurudi barabarani, yeye aliona namna bora ya kunipenda ni kuniandikia programu. Alikaa nayo usiku mbili. Nani kati yenu aliwahi kuandikiwa chochote na mumewe kwa usiku mbili?

Tatizo ni kwamba mwezi wa tatu wa programu goti langu la kulia lilianza kuuma, na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu zile zile ambazo wengi wetu tunanyamazia. Ukisema unaumwa unaonekana unatafuta kisingizio. Na mimi niliyejifungua kwa upasuaji nilishachoka kuwa mgonjwa ndani ya nyumba yangu. Basi nikawa nameza vidonge vya maumivu bafuni, natoka, nafunga raba, twende. Jumapili napanda mizani huku yeye kashika kalamu.

Safari ya Iten ilikuwa zawadi ya miaka mitano ya ndoa. Wengine wanapelekwa Zanzibar. Mimi nilipelekwa kwenye kilima cha wakimbiaji nchini Kenya, na nilifurahi kweli, siwadanganyi. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake Ubungo, nikalia nusu saa uwanja wa ndege, halafu nikanyamaza kwa aibu baada ya kuletewa karanga.

Kutoka Nairobi tulichukua gari dogo la abiria kwenda Eldoret. Ni kama kilomita 300 na kitu, lakini njia hiyo ni ya kuangalia, si ya kulala. Unapita Limuru kwenye ukungu, ghafla ardhi inafunguka chini yako na Bonde la Ufa lote liko wazi. Naivasha, Nakuru, halafu unaanza kupanda tena, unavuka ikweta bila hata kengele kulia, na hewa inazidi kuwa ya baridi mpaka dereva anafunga kioo chake. Eldoret ni mji wa haraka na wa biashara. Tulikunywa chai, tukapanda matatu nyingine, na baada ya saa moja hivi tukafika kwenye lile lango la barabarani linalomkaribisha mgeni kwenye nyumba ya mabingwa.

Nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Iten ni mtaa mmoja mrefu wenye maduka ya mabati, vibanda vya mitumba na raba zilizotumika, boda boda, na ng'ombe wanaovuka barabara kwa muda wao. Ndiyo makao makuu ya kaunti ya Elgeyo-Marakwet, lakini dakika kumi umeumaliza kwa miguu. Kinachoushangaza moyo ni ukingo. Mji umekaa juu kabisa ya gema, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na pembeni yake ardhi inaporomoka hadi Bonde la Kerio, joto kule chini na baridi huku juu. Ukisimama pale jioni, unaona mvua inanyesha kwenye kijiji cha watu wengine.

Kwa urefu huo kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar. Mwili ukikaa wiki kadhaa unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya wazungu kujazana hapa na mabegi yao. Siku ya kwanza, hata hivyo, huna chembe wala nini. Nilipanda ngazi za nyumba ya wageni nikasimama katikati kama bibi kizee. Dada wa mapokezi akacheka: "Pole. Nyinyi ni wa Tanzania? Mnaongea kama redio."

Saa kumi na mbili asubuhi dirisha langu lilianza kutoa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya miguu, mingi, kwenye udongo mwekundu. Nikafungua pazia nikaona kundi la watu wasiopungua arobaini wanapita bila kusema neno, halafu kundi lingine, halafu wasichana wanne peke yao. Hakuna anayewaangalia. Mama mmoja na ndoo yake ya maziwa aliwapisha kama wewe unavyopisha daladala Mwenge.

Historia ya hapa utasimuliwa na kila mtu, hata na muuza vitunguu. Shule ya St. Patrick's iko hapo hapo mjini. Mwaka 1976 alikuja mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, mtu ambaye hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Akabaki. Peter Rono, kijana wa shule hiyo, akachukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyefundishwa na mzee huyo huyo, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, akiongoza mwanzo mpaka mwisho. Wanaomfahamu Bruda wanasema anapenda kuwapunguza vijana mwendo kuliko kuwaongeza: kwanza namna ya kusimama, namna ya kuweka mguu, mikono isivuke kifua. Mume wangu alikuwa anaandika haya yote kwenye simu. Mimi nilikuwa nasugua goti chini ya meza.

Siku ya pili ndipo tulipokwenda jimu.

Usifikirie vioo na muziki. Ni chumba cha simenti chenye madirisha makubwa, vyuma vimepangwa chini, maboksi ya mbao ya kurukia, kamba, na mikeka iliyochoka. Kocha wa viungo ni baba wa makamo, mfupi, ana sauti ya chini sana kiasi kwamba chumba chote kinalazimika kunyamaza ili kumsikia. Wote wanamwita Mwalimu, na sisi tukamwita hivyo.

Kilichonivuta ni wateja wake. Iten unategemea wakimbiaji tu, lakini asubuhi hiyo alikuwepo mkimbiaji wa marathoni mwembamba kama fimbo, msichana wa mita 800, kijana wa raga aliyekuja kutoka Eldoret na shingo kama gogo, na dada mrefu wa mpira wa wavu. Wote wanne wako chumba kimoja na mwalimu mmoja, na hakuna hata wawili waliokuwa wanafanya kitu kile kile.

Mkimbiaji wa marathoni ndiye alinishangaza zaidi. Mimi nilikuwa naamini, na najua wengi mnaamini, kwamba mtu wa mbio ndefu akinyanyua vyuma ananyanyua vyepesi, mara thelathini, mpaka jasho limtoke. Huyu alikuwa anachuchumaa na chuma kizito mabegani. Mara nne. Anaweka chini. Anapumzika dakika tatu anaangalia dirishani, halafu mara nne tena.

"Wa mara thelathini ni kazi ya barabara," Mwalimu akanieleza. "Huko anakimbia kilomita mia na kitu kwa wiki, huo uvumilivu ameshaupata. Hapa nataka nguvu. Kizito, mara chache, pumziko refu. Hanenepi huyo, hata ukimlisha vipi. Lakini kila hatua inamgharimu kidogo kuliko jana."

Kila hatua unayokimbia inashusha kwenye mguu mmoja mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Zidisha kwa maelfu ya hatua. Mguu wenye nguvu unaupokea mzigo huo na kuurudisha kama springi, mguu dhaifu unaumeza na kuupeleka kwenye goti, mgongo, au pale palipo na ufa. Hilo ndilo somo lote, mengine ni maelezo.

Kijana wa raga kazi yake ilikuwa tofauti kabisa. Yeye alikuwa anasukuma, anavuta, na anaimarisha shingo kwa sababu kwenye raga shingo ndiyo bima. Halafu anapiga magoti huku mwenzake kamshika visigino, anajiachia kwenda mbele polepole mpaka misuli ya nyuma ya mapaja ishindwe. Zoezi hilo lina ushahidi mzuri wa kupunguza kuchanika kwa msuli huo kwa wachezaji wa mpira, na naomba vijana wa ndondo mnisikie: linataka mkeka na rafiki tu.

Dada wa mpira wa wavu alikuwa haruki. Alikuwa anatua. Anashuka kutoka kwenye boksi, anatua kwa ukimya, magoti yameelekea mbele, Mwalimu anasikiliza. Akitua kwa kishindo anarudia. Wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huchanika ligamenti ya ndani ya goti mara kadhaa zaidi ya wanaume, na njia ya kuipunguza hatari hiyo si kuruka juu zaidi bali kujifunza kushuka. Nilisimama namwangalia huyo dada muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi simfundishi mtu mchezo wake," Mwalimu akasema. "Kocha wake yupo. Mimi namtengenezea mwili wa kumpelekea yule kocha."

Hapo mume wangu akatoa simu. Karatasi yetu ya friji alikuwa ameipiga picha, rangi zote tatu. Akamwonyesha Mwalimu kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga mwenyewe.

Mwalimu akaisoma. Akaivuta iwe kubwa, akaisoma tena yote, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

"Ni nzuri," akasema. "Umeipanga vizuri, wiki ya nne unapunguza, safi. Ni ya nani?"

"Ya mama hapa."

"Wewe unakimbiaje?"

Mume wangu akaeleza muda wake, kilo zake, historia yake yote. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kukubali. "Basi hii ni ya kwako. Inakufaa kabisa." Halafu akageuka kwangu, akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, halafu akamrudia yeye: "Bwana, ng'ambo pale kuna chai nzuri sana. Nenda unywe, nizungumze na mama kidogo."

Akaenda. Nilisikia mlango.

Maswali ya Mwalimu hayakuwa mengi. Mtoto ana umri gani? Ulijifungua vipi? Unalala saa ngapi? Unanyonyesha bado? Wapi panauma? Nikasema hapaumi. Akanyamaza. Nikasema goti la kulia, tangu mwezi wa tano, na nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua na kijana wa raga aliyejifanya anafunga kamba za viatu.

Akanipandisha kwenye boksi fupi, mguu mmoja, nishuke polepole mpaka kisigino cha pili kiguse sakafu. Kushoto nikaweza. Kulia goti likaingia ndani kama mlango uliolegea bawaba. Akaniambia nilale chali, ninyanyue kichwa, akaniomba niweke vidole vyangu mwenyewe katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vidole viwili vikazama. Misuli ya tumbo ilikuwa bado haijakutana tangu ujauzito, na siku za njano kwenye karatasi yetu zilikuwa na kuinuka kwa tumbo mara hamsini, zoezi ambalo kwa hali yangu lingeweza kuizidi kuiachanisha.

"Goti lako halina kosa," akasema. "Goti ni mtoto wa katikati. Juu kuna nyonga, chini kuna kifundo. Hao wakubwa wakishindwa kazi, yeye ndiye analia."

Dawa aliyonipa ilikuwa ya kuchosha kwa udogo wake: kuvuta pumzi na kukaza tumbo la chini nikiwa nimelala, kuinua nyonga, kutembea kando na mpira wa kuvuta kwenye miguu, kushuka boksi, fupi, polepole, kuchuchumaa mpaka kwenye kiti. Kukimbia kupungue kwa nusu, na kusimame kabisa siku maumivu yakipita kiasi fulani alichonieleza. Na nikifika Dar nimwone mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu yeye si daktari na hakujifanya daktari. Kuhusu mizani hakusema chochote mpaka nilipomuuliza. "Hiyo inapima nini?" akauliza. Sikuwa na jibu.

Jioni nilikwenda peke yangu kununua maziwa. Nilitaka kuonja mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti. Ladha yake ina moshi na ukali, ama utaipenda ama utamrudishia mwenyewe kwa adabu. Mimi niliipenda. Mama wa kibanda, mkimbiaji wa zamani, alinisikia nikisema kuwa mume wangu ndiye kocha wangu. Akaacha kumimina.

"Hapa hilo neno tunaliogopa kidogo," akasema.

Nilijua anazungumzia nini. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Mwezi Septemba 2021, huko Ujerumani, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake hapa hapa Iten. Alikuwa na miaka 25. Mume wake ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji, na mahakamani akakana. Wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels kwa ajili ya wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa. Na Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto.

Mama wa kibanda alinieleza kwa maneno machache jinsi inavyoanza. Msichana ana miaka kumi na saba, ana kipaji. Anapata mtu wa kumfundisha. Mtu huyo anampangia mazoezi, chakula, kulala, baadaye safari, baadaye akaunti ya benki. Baadaye wanaoana, au wanasema wameoana. "Na siku akisema mguu unauma," akaniambia, "mguu huo si wake peke yake tena. Ni ada ya watu na kiwanja cha mtu."

Naomba nieleweke. Mume wangu hajawahi kuniinulia hata sauti, na sikai hapa kumweka sentensi moja na wauaji. Lakini nilirudi na lile kopo la mursik nikiwaza kuhusu kalamu ya Jumapili. Mtu mwema pia anaweza kuwa ameshika kalamu isiyo yake.

Usiku huo tulikaa kwenye ukingo, blanketi moja, taa za bonde zikiwaka chini kama mkaa uliomwagika. Nikamwambia kuhusu goti. Nikamwambia kuhusu vidonge. Alinyamaza muda mrefu sana, nikajua ameumia, na nikajizuia kumbembeleza, jambo ambalo kwangu ni zoezi zito kuliko boksi la Mwalimu.

"Tangu mwezi wa tano?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tano."

"Na mimi nilikuwa naandika 'vizuri, endelea.'" Ni kweli. Ipo kwenye karatasi, kwa wino wa bluu, wiki kumi na moja mfululizo.

Tuligombana kidogo pia, nisiwape picha ya sinema. Aliniuliza kwa nini nilimfanya aonekane mjinga mbele ya Mwalimu, nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuuliza swali ambalo mgeni aliliuliza kwa dakika mbili. Akasema nimwambie basi, yeye si mganga wa kupiga ramli. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, na iliniuma kwa sababu hiyo. Baridi ndiyo iliyotusuluhisha, tukaingia ndani.

Alhamisi asubuhi ni siku ya kubadilisha kasi Iten. Watu wengi, siku nyingine mamia, hukusanyika njia panda ya udongo nje ya mji. Anatajwa mpango, labda dakika mbili kasi na moja ya polepole, na kundi zima linaondoka kama ng'ombe walioona maji. Uwanja wa zamani wa Kamariny, ambako vizazi vya mabingwa vilifanyia mazoezi, ulichimbuliwa kwa ukarabati mwaka 2017 na kazi ikakwama miaka, kwa hiyo barabara ndiyo imebeba mzigo. Mume wangu aliingia kundini. Dakika ya nne alikuwa wa mwisho. Ya tano alikuwa peke yake na mbwa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe na mpira wangu wa kuvuta. Alirudi akitembea, vumbi mpaka kwenye kope, akaketi kando yangu akihema. Hakuuliza nimefanya mara ngapi. Aliomba mpira ule ajaribu, akautia miguuni, akatembea kando hatua kumi na tano, na nyonga zikamtetemeka.

"Hii kitu inauma," akasema.

"Wapi?"

Akanionyesha.